Sura ya Nne: Njia ya Joto katika Chuma, Mchanga na Makuti

Joto hutoka penye halijoto kubwa kwenda penye halijoto ndogo, wala halirudi lenyewe kule lilikotoka. Njia zake ni tatu. Kwa mnunurisho huvuka hata mahali pasipo na kitu chochote, kama linavyotoka kwenye jua hadi duniani. Kwa myuko hubebwa na hewa au maji yanayosogea. Kwa mpitisho, ambao ndio mada ya sura hii, hupenya ndani ya kitu hali kitu chenyewe kimetulia: kutoka ncha ya kijiko iliyozama kwenye chai hadi ncha iliyoshikwa, kutoka upande wa bati unaotazama jua hadi upande unaotazama kitanda.

Kataboi, kijiji cha wavuvi na wafugaji kwenye ukingo wa magharibi wa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kalokol, kiko mahali ambapo jambo hili halihitaji maabara. Kuanzia ziwani hadi Lodwar, na kutoka Lodwar hadi Kakuma, halijoto ya mchana huwa kadiri ya nyuzi 35 za Selsiasi karibu mwaka mzima. Mvua ni haba na kivuli ni cha kutafutwa. Katika nchi ya namna hiyo, tofauti kati ya bati na makuti, kati ya jiwe na mchanga, au kati ya nguo kavu na nguo iliyolowa, hugusa usingizi wa mtoto, ubora wa samaki na ngozi ya kiganja.

Kila kitu kimeundwa kwa atomu, na atomu hazitulii. Katika kitu kigumu kila atomu hutetemeka mahali pake, na kadiri kitu kinavyopata moto ndivyo mtetemo unavyokuwa mkali. Atomu inayotetemeka kwa nguvu huitikisa jirani yake, naye jirani huitikisa inayofuata, mpaka mtetemo ufike upande wa pili. Watu waliojipanga kutoka kisimani hadi kwenye birika la mifugo hupokezana ndoo vivyo hivyo: maji hufika mwisho wa mstari, na hakuna mtu aliyeondoka mahali pake. Mbao, mawe, kioo na udongo hupitisha joto kwa njia hii tu, na ndiyo maana huenda nalo polepole.

Metali zina njia ya ziada. Ndani yake zimo elektroni ambazo hazikufungwa kwenye atomu yoyote. Huzunguka huru katika kipande kizima. Elektroni hizo huchota nishati upande wa moto na kuipeleka mbali kwa kasi ambayo mtetemo wa jirani kwa jirani hauwezi kuifikia. Ni elektroni hizo hizo zinazobeba umeme, kwa hiyo metali inayopitisha umeme vizuri hupitisha na joto vizuri. Wajerumani wawili, Gustav Wiedemann na Rudolph Franz, waliuthibitisha uhusiano huo kwa vipimo mwaka 1853. Almasi ndiyo inayoshangaza. Haipitishi umeme, lakini atomu zake zimeshikana kwa nguvu na kwa mpango uliosawazika kiasi kwamba mtetemo hupita bila kizuizi, na almasi huishinda hata shaba kwa mara kadhaa.

Kabla elektroni hazijajulikana, tofauti kati ya metali moja na nyingine ilionekana kwa jaribio ambalo shule yoyote inaweza kulifanya. Jan Ingenhousz, daktari na mtafiti wa Uholanzi wa karne ya 18, alipaka nta kwenye fito za metali mbalimbali zenye ukubwa mmoja, akaziingiza ncha zake kwenye kimiminika cha moto, kisha akatazama nta inayeyuka hadi wapi kwenye kila ufito. Palipoyeyuka mbali zaidi, joto lilipita kwa wepesi zaidi. Vipande vya waya wa shaba, alumini na chuma, mshumaa mmoja na sufuria ya maji ya moto vinatosha kulirudia darasani Lodwar.

Aliyeligeuza jambo hili kuwa hesabu ni Mfaransa Joseph Fourier, katika kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu nadharia ya joto. Kanuni yake husema kwamba kiasi cha joto kinachopita kwa sekunde hutegemea mambo manne. Hukua eneo linapokuwa kubwa. Hukua pia tofauti ya halijoto kati ya pande mbili inapozidi. Hupungua unene unapoongezeka. La nne ni aina ya kitu chenyewe, ambayo hupewa tarakimu yake: ni wati ngapi zitapita katika kipande chenye eneo la mita mraba 1 na unene wa mita 1, iwapo upande mmoja umezidi mwingine kwa nyuzi 1.

Tarakimu hizo zinaachana mno. Shaba ni karibu 400, alumini safi 237, chuma safi kadiri ya 80, na bati la kuezekea, ambalo ni chuma kilichochanganywa kidogo na vitu vingine, kadiri ya 50. Chuma kisichoshika kutu ni 15 tu, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani metali zote ni sawa. Kisha kuna mteremko mkubwa. Basalti, jiwe jeusi la volkeno lililotapakaa kuzunguka ziwa, ni karibu 2. Kioo ni 1, tofali la udongo liko kati ya 0.5 na 1, maji 0.6. Mchanga mkavu ni 0.2 au 0.3, mbao kavu 0.1 hadi 0.2, makuti yaliyopangwa vizuri kadiri ya 0.07. Hewa iliyotulia ni 0.026. Alumini ya sufuria basi huipita hewa inayoizunguka kwa maelfu ya mara.

Mkono huzidanganya tarakimu hizi, au tuseme huzisoma kwa namna yake. Saa nane mchana huko Kakuma, nondo ya chuma na mti wa kigoda vilivyoachwa juani vinaweza kuwa vyote na nyuzi 65. Kipimajoto kitasema ni sawa. Kiganja kitasema chuma kinaunguza na mti una joto tu. Ngozi haisomi halijoto ya kitu kilichoguswa. Huhisi halijoto inayotokea pale ngozi na kitu vinapokutana, na hiyo hutegemea upande upi unaleta joto kwa kasi zaidi. Chuma hutoa joto kutoka ndani yake kwa wepesi hata ngozi iliyokuwa na nyuzi 34 hupanda ghafla hadi kadiri ya 62, kiwango kinachounguza kwa muda wa sekunde chache. Mti hauna wepesi huo. Sehemu ndogo iliyoguswa hupoa mara moja, na joto la ndani huchelewa kuja kujaza pengo. Mahali pa mguso hutulia kwenye kadiri ya nyuzi 41, na hizo huvumilika.

Ekicholong, kigoda kidogo cha mti ambacho wanaume wa Kiturkana hutembea nacho na kukitumia kama kiti na kama mto wa kulazia kichwa, kimechongwa kwa kitu kinachofaa kabisa kwa nchi hiyo. Hata kikisahauliwa juani, hukalika. Kwa sababu iyo hiyo mwiko huwa wa mti, na akala, ndara za matairi zinazovaliwa kote kaskazini mwa Kenya, humwezesha mchungaji kupita juu ya basalti ya mchana. Mpira hupitisha joto kadiri ya mara kumi chini ya jiwe lile, na soli ya tairi ina unene wa kutosha kuiongezea kazi hiyo uzito.

Hewa ndiyo kihami bora kati ya vitu vya kawaida, kwa sharti moja: itulie. Molekuli zake ziko mbali moja na nyingine, hivyo hukutana mara chache na kupokezana nishati kidogo. Lakini hewa iliyo huru haitulii. Ikipata moto hupanda, nyingine hushuka kushika nafasi yake, na joto likaenda kwa myuko hata kama mpitisho ni mdogo. Kwa hiyo karibu kila kihami kizuri ambacho binadamu au maumbile yamekibuni ni mtego wa hewa: manyoya, sufu, pamba, majani makavu, povu la plastiki. Nyuzi au kuta za povu huigawa hewa katika vyumba vidogo mno, ikashindwa kuzunguka. Majani ya mkoma, ule mti wa jamii ya mitende unaostawi kando ya mto Turkwel na kwenye mito ya msimu, hufanya kazi hiyo yakipangwa tabaka juu ya tabaka kwenye akai, kibanda cha mviringo anachokijenga mwanamke wa Kiturkana kwa fito na makuti.

Ngamia huonyesha kwamba kihami hakijui lengo lake. Watu husema manyoya huleta joto, na kwa baridi ya usiku ni kweli yanasaidia. Lakini Knut Schmidt-Nielsen na wenzake, waliofanya utafiti kwenye jangwa la Sahara katika miaka ya 1950, walimnyoa ngamia na kumlinganisha na aliyebaki na manyoya yake. Aliyenyolewa alipoteza maji kwa kutoa jasho kadiri ya nusu zaidi ya mwenzake. Manyoya yalikuwa yakizuia joto la jua lisifike ngozini. Blanketi hali kadhalika: likimfunika mtu, humhifadhia joto lake, likifunikwa juu ya barafu, huizuia barafu isiyeyuke. Halitengenezi joto wala baridi, bali huchelewesha safari tu, upande wowote ule joto linakotoka.

Adui wa kihami ni maji. Anayeshika sufuria ya moto kwa kitambaa kikavu hulindwa na hewa iliyo kati ya nyuzi. Akishika kwa kitambaa kilicholowa, hewa imefukuzwa na maji yameingia, nayo maji hupitisha joto kwa zaidi ya mara 20 ya hewa. Ataitupa sufuria kabla hajaifikisha chini. Makuti yaliyolowa, manyoya yaliyolowa, godoro lililolowa, vyote hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kama vihami mpaka vikauke.

Jikoni, mpitisho husifiwa kuliko unavyostahili mahali pamoja na hupuuzwa mahali pengine. Wengi huamini sufuria ya alumini huchemsha haraka kwa sababu metali yake hupitisha joto kupita chuma. Kwa kweli sakafu ya sufuria ni nyembamba hivi kwamba metali yoyote huliachia joto lipite bila taabu. Kinachochelewesha ni gesi ya moto wa kuni au makaa, ambayo hukabidhi joto lake kwa uzito, tena sehemu kubwa hupotea pembeni. Faida halisi ya alumini ni kwamba hulitandaza joto sawasawa, ugali usiungue katikati huku pembeni ukiwa mbichi. Mahali ambapo kihami kinalipa ni kwenye jiko lenyewe. Jiko la kauri lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980 lina ganda la bati nje na kikombe cha udongo uliochomwa ndani. Udongo huo hupitisha joto kidogo sana kuliko bati, kwa hiyo joto la makaa hubaki kwenye makaa na kwenye sufuria badala ya kuvujia kwenye kuta na kupasha hewa ya uani. Katika nchi ambayo kila gunia la makaa ni mti uliokatwa, uwe mathenge au mgunga, tofauti hiyo ina thamani kubwa kuliko rangi au umbo la sufuria.

Hadi hapa muda haujahesabiwa. Kanuni ya Fourier katika sura yake rahisi huchukulia kwamba pande zote mbili zimeshika halijoto yake na joto linapita kwa mwendo mmoja. Jua halifanyi hivyo. Hupanda na kushuka, na kila kitu chini yake hupashwa na kupoa kwa zamu. Hapo linaingia swali jingine: joto litachukua muda gani kufika ndani? Jibu hutegemea mpitisho, na pia kiasi cha joto ambacho kila tabaka hukimeza kabla ya kukipitisha kwa tabaka linalofuata.

Mchanga mkavu wa Kataboi ni mfano ulio wazi. Uso wake unaweza kuzidi nyuzi 60 alasiri na kushuka hadi 25 kabla ya mapambazuko, tofauti ya nyuzi 35 au zaidi. Sentimita 8 chini, tofauti kati ya mchana na usiku hubaki kadiri ya theluthi moja na ushei, yaani nyuzi 13 hivi. Sentimita 30 chini, haifiki hata nyuzi 1. Wimbi la joto hufa njiani, tena huchelewa: kwenye kina cha sentimita 8 kilele cha joto hufika karibu saa nne baada ya kilele cha juu, na kwenye kina cha sentimita 30 hufika usiku wa manane au alfajiri, kikiwa hafifu hata hakitambuliki bila kipimajoto.

Mamba wa Ziwa Turkana wamekijenga kizazi chao juu ya hesabu hii. Jike huchimba kwenye mchanga wa ufuo, hutaga mayai kwenye kina cha sentimita 30 au zaidi kidogo, kisha huyafukia. Kwa muda wa karibu miezi mitatu, mayai hukaa kwenye halijoto isiyoyumba, wakati juu yake mchanga unaunguza miguu mchana na kupoa usiku. Utulivu huo una uzito wa pekee kwa mamba, kwa sababu jinsia ya kitoto huamuliwa na halijoto ya yai. Mayai yanayokaa kadiri ya nyuzi 32 hadi 34 hutoa zaidi madume. Chini ya hapo hutoka majike. Shimo likiwa la kina cha sentimita 8 tu, mayai yangepikwa.

Watu huutumia ukweli huo huo wanapochimba visima kwenye laga, ile mito ya mchanga inayotiririka siku chache tu za mvua. Maji yanayotoka mita kadhaa chini hayajui kuwa ni mchana. Halijoto yake iko karibu na wastani wa mwaka mzima wa mahali hapo, ambao kwa Lodwar ni chini kidogo ya nyuzi 30 au hapo hapo, na mtu aliyetembea juani huyahisi ni baridi.

Muda wa mpitisho una kanuni moja inayofaa kukumbukwa kuliko tarakimu zote: unene ukizidishwa mara mbili, muda huzidishwa mara nne; unene ukizidishwa mara kumi, muda huzidishwa mara mia. Mtiririko wa lava wenye unene wa mita 1 hupoa ndani ya wiki chache. Wenye mita 10 huhitaji miaka. Basalti ya nchi hii ilipoa hivyo, kuanzia uso wake kuelekea ndani, na pale ilipopoa polepole na kwa usawa ilinywea na kupasuka katika nguzo zenye pande kadhaa. Karibu na Kalokol, mahali paitwapo Namoratunga, wafugaji wa kale walisimamisha nguzo za basalti ambazo zipo hadi leo.

Kanuni hiyo ya mraba iliwahi kuzua mgogoro mkubwa wa kisayansi. Mwaka 1862 William Thomson, aliyejulikana baadaye kama Lord Kelvin, aliichukulia dunia kama mpira uliokuwa umeyeyuka na unaopoa kwa mpitisho peke yake. Kutokana na jinsi halijoto inavyoongezeka migodini, alikadiria umri wake kuwa kati ya miaka milioni 20 na milioni 400, na baadaye akashikilia ile tarakimu ya chini. Wanajiolojia walipinga, kwa sababu miamba ilidai muda mrefu zaidi. Mwaka 1895 John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake, alionyesha kosa lilipo: ikiwa sehemu za ndani za dunia husafirisha joto kwa wepesi kuliko ganda la juu, hesabu nzima huvunjika. Leo inajulikana kwamba mwamba wa moto ulio chini ya ganda hujongea polepole na kubeba joto kwa myuko, na kwamba madini yenye mionzi huongeza joto jipya. Mifupa ya dinosaria iliyopatikana kwenye milima ya Lapur, kaskazini mwa Turkana, peke yake ina umri zaidi ya dunia nzima ya Kelvin.

Nyumba ndiyo mahali ambapo mpitisho huwagusa watu wengi zaidi kila siku. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na tangu hapo makumi ya maelfu ya familia za wakimbizi zimejenga kwa turubai, matofali ya udongo na mabati. Miji ya Lodwar na Kalokol, na vijiji vya ufuoni kama Kataboi, navyo vinaacha makuti na kuezeka mabati. Sababu zake ni za haki. Bati haliliwi na mchwa, haliwaki moto, na hudumu miaka mingi. Lakini kama kizuizi cha joto bati si kitu. Unene wake wa kawaida ni kadiri ya milimita 0.3. Ili bati la chuma lizuie joto sawa na makuti ya unene wa sentimita 15, lingehitaji kuwa na unene wa zaidi ya mita 100.

Hii haimaanishi kwamba nyumba ya bati hupata joto mara laki kadhaa kuliko ya makuti. Juu na chini ya bati kuna utando wa hewa unaogandamana nalo, na huo huzuia joto kidogo. Hata hivyo upande wa chini wa bati hupanda halijoto sawa na upande wa juu karibu papo hapo, kisha hummwagia joto kwa mnunurisho kila aliye ndani. Mtu aliyelala chini ya bati la nyuzi 60 huhisi uzito wake hata kama hewa ya chumba haijafika hapo. Usiku mambo hugeuka. Bati hupoa upesi kama lilivyopata moto, wakati mwingine huwa baridi kuliko hewa, na nyumba hupumua.

Ukuta wa udongo una tabia nyingine kabisa. Tofali la udongo si kihami hodari. Hupitisha joto kama mara kumi ya makuti. Nguvu yake ni uzito. Ukuta wa sentimita 20 hulimeza joto la alasiri na kulichelewesha kwa saa sita hivi, likatokea ndani tayari limepungua nguvu. Joto la saa nane mchana hufika upande wa kitanda saa mbili usiku. Kwenye nyanda za juu, ambako usiku ni wa baridi, hiyo ni baraka. Lodwar, ambako usiku hushuka mara nyingi hadi nyuzi 24 au 25 tu, ni baraka yenye masharti: ukuta ukae kivulini mchana, na madirisha yaachwe wazi usiku ili upepo uondoe kile ukuta ulichokimeza. Ukuta mzito uliopigwa na jua la magharibi alasiri nzima, chini ya paa la bati lisilo na dari, huunganisha kasoro za vyote viwili, na nyumba nyingi za ukanda huu zimejengwa hivyo hivyo.

Dawa yake si ghali. Tabaka la makuti au mikeka ya miaa chini ya bati, na nafasi ya hewa kati yake, hurudisha karibu yote yaliyopotea mkoma ulipoachwa, na bati hubaki kuzuia mvua na moto. Upenu mpana huzipa kuta kivuli. Rangi nyeupe juu ya bati hurudisha sehemu ya mwanga wa jua kabla haujawa joto, jambo la mnunurisho linalopunguza kazi ya mpitisho. Kampasi ya Startup Lions iliyo kwenye ukingo wa Ziwa Turkana, iliyokamilika mwaka 2021 kwa ubunifu wa Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso, ilifuata fikra za aina hiyo kwa kiwango kikubwa: kuta nzito za mawe yaliyochimbwa karibu, na minara mirefu inayoiachia hewa ya moto ipande na kutoka.

Samaki hutaka kinyume cha nyumba: baridi ibaki ndani, au kwa usahihi zaidi, joto la nje lisiingie. Kilo 1 ya barafu huhitaji kilojuli 334 ili iyeyuke. Sanduku lenye eneo la mita mraba 3 na kuta za povu la plastiki zenye unene wa sentimita 5, likiwa na barafu ndani na hewa ya nyuzi 35 nje, huingiza kadiri ya wati 73 kwa mpitisho. Kwa saa 24 joto hilo huyeyusha karibu kilo 19 za barafu, kabla samaki hawajaongezwa na kabla kifuniko hakijafunguliwa hata mara moja. Unene ukiongezwa hadi sentimita 10, hasara hushuka kuwa kilo tisa na nusu. Ukipunguzwa hadi sentimita mbili na nusu, hupanda hadi kilo 38. Barafu ikitoka mbali na barabara ikiwa mbaya, tofauti hiyo ndiyo faida yote ya safari.

Kalokol imeliona jambo hili kwa kiwango cha kiwanda. Kiwanda cha samaki kilichojengwa hapo kwa msaada wa Norway, chenye vyumba vya kugandisha, kilisimama muda mfupi baada ya kukamilika. Gharama za kuviendesha vyumba hivyo na haja ya maji safi zilizidi uwezo. Kugandisha samaki pahali penye nyuzi 35 au zaidi ni kulisukuma joto nje siku zote, na kila nyuzi ya tofauti kati ya ndani na nje ni joto zaidi linalopenya kuta kurudi ndani. Mzigo huo haukomi jua likitua.

Kwa mvuvi wa Kataboi asiye na umeme wa uhakika, samaki wa kukaushwa na wa chumvi wataendelea kuwa njia ya uhakika zaidi, na barafu itafaa kwa safari fupi. Akinunua sanduku, atazame unene wa povu kuliko ukubwa wa sanduku, alifunike vizuri, aliweke kivulini juu ya vipande vya mbao na si juu ya mchanga wa moto, na akiona ganda limepasuka na povu limelowa maji, alibadilishe, maana povu lililolowa halizuii tena joto kama inavyopasa.